Sahani ya udongo wa Uluguru ni hesabu ya maji

Katika sehemu za juu za mitelemko ya mashariki ya Milima ya Uluguru mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Wengi tunaijua kama mvua ya migomba na ya Mto Ruvu unaoinywesha Dar es Salaam. Mfinyanzi ana sababu nyingine ya kuishukuru. Tone likishuka hubeba kabonidayoksaidi ya hewani, hivyo hufika chini likiwa na uasidi mdogo, na uasidi huo huitafuna felspa iliyomo katika miamba ya Uluguru yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 500. Potasiamu na sodiamu huyeyuka zikaenda na maji. Alumini na silika hubaki, zikajipanga upya kuwa madini ya udongo, hasa kaolinaiti, ambayo mito huyashusha mabondeni.

Chembe ya udongo ina upana usiofika mikromita 2, nayo ni bapa. Utando wa maji ukiingia katikati ya chembe hizo, huteleza na kushikamana kama kurasa za kitabu kilicholowa. Ndiyo maana donge la udongo hukubali umbo unalolipa na kukaa nalo.

Ufinyanzi si mgeni Morogoro. Huko Dakawa, kwenye barabara ya Dodoma, wanaakiolojia Randi Haaland na C. S. Msuya walichunguza vyungu na mabaki ya ufuaji chuma wa milenia ya kwanza baada ya Kristo, na mwaka 2000 wakayachapisha katika jarida la Azania. Ila chungu ni mviringo, na mviringo hujibeba wenyewe. Sahani ni bapa, na kwa maoni yangu ndicho chombo kigumu kuliko vyote kwa anayejifunza nyumbani, ingawa kwa macho kinaonekana chepesi.

Sababu ni maji yanayotoka. Ukingo wa sahani hupigwa na hewa pande zote, kwa hiyo hukauka na kusinyaa mapema, wakati kitako kilicholala juu ya ubao bado ni kibichi. Sehemu moja inavuta, nyingine haijawa tayari kuvutwa, na sahani hujikunja au hupasuka. Ikaushe kivulini, ukingo umefunikwa kwa plastiki, juu ya gazeti linaloiruhusu isogee inaposinyaa, huku ukiigeuza mara kwa mara.

Udongo wenyewe nao upimwe. Udongo mweusi wa mbuga, ule unaopasuka nyufa pana wakati wa kiangazi, hunywa maji mengi mno, na usinyaaji wake huiharibu sahani. Finyanga kijiti cha udongo, chora alama mbili zenye umbali wa sentimita 10, kisha kiache kikauke. Umbali ukipungua kwa zaidi ya sentimita moja, changanya mchanga laini au vigae vilivyotwangwa. Chenga hizo hazisinyai, na hufungua njia za maji kutokea. Zitwange zikiwa zimelowa, kwa kuwa vumbi la silika likivutwa miaka mingi huharibu mapafu.

Sahani iliyokauka kabisa bado ina maji. Kilo moja ya kaolinaiti safi imefunga takriban gramu 140 za maji ndani ya muundo wake, na hayo hayatoki mpaka joto lifike kati ya nyuzi 450 na 600 za Selsiasi. Yakishatoka, udongo haurudi tena kuwa tope. Oveni ya jikoni huishia karibu nyuzi 250, basi haichomi sahani. Inachoweza ni kumalizia kuikausha tu. Hapo joko linahitajika, na moto wake uanze pole pole: unyevu uliobaki ukigeuka mvuke ghafla hutanuka zaidi ya mara elfu moja na kuipasua sahani. Ikifika nyuzi 573, kwazi iliyomo kwenye mchanga hubadili ujazo wake kwa ghafla, kwa hiyo hata kupooza kusiharakishwe.

Napendelea pumba za mpunga, ambazo mashine za kukoboa za Dakawa huzitoa kwa wingi, kuliko kuni za misitu inayotunza chemchemi za milima hii. Pumba huungua taratibu na kuhifadhi joto. Pale hewa inapokosekana, kaboni huiacha sahani nyeusi. Pale inapopita vizuri, chuma kilichomo huungana na oksijeni na sahani huwa nyekundu.

Joko la namna hii kwa kawaida halifikii joto la kuziba vinyweleo. Pima sahani ikiwa kavu, iloweke usiku kucha, kisha ipime tena: uzito ulioongezeka ni maji iliyoyanywa. Inayokunywa hivyo itakunywa pia mchuzi na mafuta, na mabaki hayo huoza ndani yake. Itumie kwa karanga, ndizi mbivu au mkate. Ukitaka ya mchuzi, utahitaji tanuri lenye joto kubwa zaidi na rangi ya kung'arisha isiyo na risasi, maana ndimu, ukwaju na nyanya huitoa risasi kwenye rangi na kuiingiza katika chakula, na watoto ndio inaowadhuru zaidi.