MAPENZI YA KORONGO NA MABADILIKO YA MAJIRA

Miongoni mwa ndege wanaofika Afrika ya Mashariki kila mwaka kutoka nchi za kaskazini, korongo mweupe wa Ulaya ni mmoja wa wale wanaotambulika kwa urahisi. Kimo chake ni kama mita moja au zaidi, mwili wake ni mweupe, manyoya yake ya kurukia ni meusi, na mdomo wake ni mwekundu. Kati ya Novemba na Machi huonekana kwa makundi katika mbuga na mashamba yetu, akiokota panzi na viwavijeshi. Huku kwetu hajengi kiota, hatagi mayai, wala hatafuti mwenzi. Mambo hayo yote ameyaacha Ulaya. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi anavyoyaacha, na ni kitu gani hasa kinachobaki ndani yake anapokuwa mbali.

Yafaa kwanza tukubaliane juu ya maneno. Kiangazi chetu ni majira ya ukavu, ambapo kiangazi cha Ulaya, yaani Juni hadi Agosti, ni majira ya joto na mimea kustawi. Baada yake huja miezi ya majani kupukutika, Septemba hadi Novemba, ambayo haina jina lililozoeleka katika lugha yetu, kwa sababu nzuri tu kwamba hatuna majira hayo. Mwanafunzi asiyezingatia tofauti hii atapata taabu kufuata yatakayosemwa hapa chini.

Kisa kilichowafanya watu wengi wazungumzie mapenzi ya korongo kilitokea katika kijiji cha Brodski Varoš, mashariki ya nchi ya Kroatia. Mwaka 1993 korongo jike alikutwa huko akiwa amejeruhiwa bawa kwa risasi ya mwindaji. Mwanakijiji mmoja alimtunza akapona, lakini hakuweza tena kuruka safari ndefu. Aliitwa Malena, maana yake “mdogo”. Baada ya miaka kadhaa dume mmoja, aliyepewa jina la Klepetan, alitua kwenye kiota chake, wakapata makinda. Ilipofika Agosti dume aliondoka pamoja na korongo wengine kuelekea Afrika, jike akabaki. Majira ya baridi yalipokwisha, dume akarudi kwenye kiota kile kile. Mambo yaliendelea hivyo kwa karibu miaka 20, mpaka Malena alipokufa mwezi wa Julai 2021. Watu wa Kroatia walizoea kusubiri kurudi kwa Klepetan kama watu wasubirivyo mgeni wa taifa.

Je, Klepetan alimkumbuka mkewe kwa miezi ile yote aliyokuwa Afrika? Wanafunzi wangu huuliza swali hili kila mwaka, nami sioni kwamba ni swali la kitoto. Ili kulijibu inatubidi tuangalie mwili wa ndege unafanywa nini na majira.

Ndege wa nchi za kaskazini hawaongozwi na joto kama wengi wanavyodhani, bali na urefu wa mchana. Katika majira ya baridi ya mwaka 1924 na 1925, William Rowan wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, aliwaweka ndege wadogo ndani ya vizimba nje ya nyumba, katika baridi kali, akawawashia taa za umeme na kuongeza muda wa mwanga kidogo kidogo kila siku. Ingawa theluji ilikuwa imejaa, korodani za ndege hao zilikua kana kwamba siku za uzazi zimewadia. Miaka kumi hivi baadaye Jacques Benoit wa Ufaransa alionyesha jambo la ajabu zaidi: mabata waliopofushwa nao waliitikia mwanga. Nuru hupenya fuvu la ndege na kugusa seli maalumu zilizo ndani kabisa ya ubongo wake. Kutoka hapo amri hupelekwa kwenye tezi ya pituitari, nayo humwaga katika damu homoni zinazoziamsha korodani na ovari. Kwa ndege wengi wa kanda hizo, korodani ambazo katika baridi ni ndogo kama mbegu ya mtama huweza kukua mara mia moja na zaidi. Katika mji wa Loburg, Ujerumani, mchana wa Desemba ni wa saa saba na nusu hivi, na ule wa Juni unakaribia saa 17. Dar es Salaam tofauti hiyo haifiki hata saa moja.

Hapo ndipo mapenzi yanapoanza. Korongo hana sauti ya kuimba; salamu yake kwa mwenzi ni kuinamisha kichwa nyuma hadi mgongoni na kugonganisha mdomo wa juu na wa chini kwa kasi, tararara, mlio unaosikika mbali. Jina la Klepetan latokana na mlio huo. Dume na jike hushirikiana kutengeneza kiota, hutamia mayai kwa zamu kwa muda wa siku 33 hivi, na wote wawili hulisha makinda kwa miezi miwili.

Lakini mwisho wa hali hii hausubiri majani yapukutike. Kwa ndege wengi waliochunguzwa, kama vile kwezi wa Ulaya, mwanga mrefu uliowasha tezi za uzazi ndio pia unaozizima ukiendelea mno. Katikati ya kiangazi, wakati mchana bado ni mrefu sana, ubongo huacha kuitikia nuru, homoni hupungua, na korodani husinyaa. Kwa maneno mengine, utengano umekwisha kupangwa mwilini siku zile zile ambazo mtazamaji angeona kwamba mambo ni matamu. Sijui jambo jingine katika fiziolojia ya ndege linalonistaajabisha kupita hili.

Hata ubongo wenyewe hubadilika. Katika mwaka 1981 Fernando Nottebohm wa New York alieleza kwamba sehemu ya ubongo wa kanari dume inayotawala wimbo hupungua hadi karibu nusu baada ya msimu wa uzazi. Majira yanayofuata hukua tena, na ndege huyo, ambaye ni wa jamaa ya chiriku wetu, huja na wimbo uliobadilika. Wimbo alioutumia kumwita jike wa mwaka jana unaweza kuwa umepotea katika baadhi ya sehemu zake.

Turudi kwa korongo. Makinda hutangulia kuondoka, wazazi hufuata baadaye. Wa Ulaya ya mashariki hupita Bosporus, Sinai na bonde la Nile, kwani korongo husafiri kwa kuelea juu ya hewa ya moto ipandayo kutoka ardhini, na bahari haitoi hewa ya namna hiyo vya kutosha. Dume na jike wa kiota kimoja hawafungamani safarini, wala huku Afrika hawakai kama mtu na mkewe. Kila mmoja huwa katika kundi, akifuata chakula kilipo. Korongo jike aliyeitwa Prinzesschen, aliyefungwa chombo cha kupeleka habari kwa setilaiti mwaka 1994 na kufuatiliwa hadi alipofia Afrika ya Kusini mwaka 2006, hakuwa na makao maalumu barani Afrika: mwaka mmoja alishuka kusini sana, mwaka mwingine aliishia kaskazini zaidi. Lakini Ulaya alijua pa kurudi.

Basi kinachobaki ni mahali. Homoni zimekwisha, mwenzi hayupo, ila picha ya bonde fulani, paa fulani na kiota fulani imehifadhiwa katika sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi, ambayo kwa ndege kama kwa binadamu inahusika na kumbukumbu ya mahali. Mchana unapoanza kurefuka tena kaskazini, dume kwa kawaida hufika siku chache kabla ya jike na kukishika kiota chake cha zamani. Jike wake naye akirudi pale pale, wanaungana, na watu husema wamekumbukana. Lakini jike mgeni akitangulia kutua, mara nyingi dume humpokea kwa mlio ule ule. Mwenye nyumba akichelewa kufika, hukuta nafasi yake imekaliwa, na ugomvi wa majike hao huweza kuvunja mayai.

Kwa hiyo Klepetan hakuhitaji kumkumbuka Malena ili arudi kwake. Ilitosha kukumbuka kiota, kwa kuwa Malena, kwa ajili ya bawa lake, hakuwahi kukiacha. Je, alimtambua alipomwona? Sina sababu ya kukataa, maana ndege wa jamii nyingi huwatambua wenzi wao kwa sura na sauti. Ninachokataa ni kumhesabia uaminifu ambao kwa sehemu kubwa ulitokana na jeraha la mwenzake.

Walimu wa bayolojia wanaweza kuwatumia korongo hawa kwa mafunzo ya nje kati ya Novemba na Machi. Wanafunzi waandike tarehe, idadi ya ndege na chakula wanachookota. Waangalie pia miguu: vitabuni imeandikwa kuwa ni myekundu, lakini huku huonekana meupe kama iliyopakwa chokaa, kwa sababu korongo hujinyea miguuni ili majimaji yakikauka yapunguze joto la mwili. Baadhi yao wana pete ya plastiki mguuni yenye herufi na tarakimu kubwa zinazosomeka kwa darubini. Atakayeisoma aipeleke kwa taasisi ya wanyamapori iliyo karibu, pamoja na jina la mahali na siku, bila kumfukuza ndege.