Familia iliyoanzisha cava ya Hispania, kwa nini ililiacha jina hilo?

Kwenye sherehe zetu, chupa yoyote inayopiga mlio kizibo kikiruka tunaiita shampeni. Kisheria shampeni ni ile inayotoka eneo la Champagne, Ufaransa, basi. Hispania nao wana mvinyo wao wa povu, unaitwa cava.

Mwaka 2012 Raventós i Blanc, kampuni ya familia ambayo ukoo wake ndio unaotajwa kutengeneza cava ya kwanza, ilijitoa yenyewe kwenye jina hilo. Haikufukuzwa wala haikufilisika. Iliamua tu kwamba chupa zake hazitaandikwa tena cava.

Kwa biashara ya mvinyo huo ni uamuzi mzito. Mteja aliyesimama dukani mbele ya chupa 50 hana muda wa kusoma historia ya ukoo. Anatafuta neno analolijua.

Walianzia wapi?

Shamba lao la mizabibu liko Sant Sadurní d'Anoia, Catalonia, kama kilomita 40 kutoka Barcelona. Familia inahesabu historia yake hapo tangu 1497. Mwaka 1659 binti wa ukoo huo, Anna Codorníu, aliolewa na Miquel Raventós, na majina hayo mawili yameshikana mpaka leo.

Mwaka 1872 Josep Raventós Fatjó alichukua zabibu nyeupe za kwao na kutengeneza mvinyo wa povu kwa njia ya Wafaransa wa Champagne. Biashara ilikua, ikawa kampuni kubwa ya Codorníu.

Halafu miaka ya 1880 kikaingia kijidudu kinachoitwa filoksera, kinachofyonza mizizi ya mzabibu mpaka mti unakufa. Mashamba ya Penedès, eneo lote lile, yakateketea. Wakulima walipopanda upya, wengi walipanda zabibu nyeupe, maana soko la mvinyo wa povu lilikuwa limeshaonekana. Ndiyo maana mpaka leo cava husimama hasa juu ya zabibu tatu nyeupe za kienyeji: Xarel·lo, Macabeu na Parellada.

Mwaka 1986 Josep Maria Raventós i Blanc aliachana na Codorníu, akabaki na shamba la familia na kuanzisha kampuni yenye jina lake, ng'ambo tu ya barabara. Na huyu alikuwa miongoni mwa waliosukuma jina la cava lilindwe kisheria. Aliyelitoa shamba kwenye jina hilo 2012 ni mjukuu wake, Pepe Raventós.

Povu linaingiaje?

Kwanza unatengenezwa mvinyo mweupe wa kawaida. Unatiwa kwenye chupa pamoja na sukari kidogo na hamira, chupa inafungwa. Hamira inakula sukari na kutoa gesi ya kaboni dayoksaidi. Gesi haina pa kutokea, inayeyuka ndani ya mvinyo. Mgandamizo unaweza kufika mara sita ya ule wa hewa tunayovuta, ndiyo maana chupa zake ni nene na kizibo kinafungwa kwa waya.

Hamira ikimaliza kazi inakufa na kutulia chini kama mashapo. Hapo ndipo pesa ilipo. Mvinyo ukikaa muda mrefu na mashapo hayo unapata ladha ya mkate uliookwa na povu linakuwa laini. Baadaye chupa inainamishwa taratibu, mashapo yanashuka mdomoni na kutolewa, ndipo kinawekwa kizibo cha mwisho.

Lakini kila mwezi chupa inaokaa chini ni mwezi ambao haijauzwa. Kanuni za cava zinataka angalau miezi 9. Raventós i Blanc walijiwekea angalau 18.

Ugomvi wenyewe

Neno cava lenyewe maana yake ni ghala la chini ya ardhi ambamo mvinyo huhifadhiwa. Halitaji mahali. Sehemu kubwa ya cava inatoka Catalonia, ila sheria inaruhusu pia maeneo ya mbali kabisa, kama Requena kule Valencia, au Almendralejo, karibu na mpaka wa Ureno. Zinazalishwa zaidi ya chupa milioni 200 kwa mwaka, na nyingi zinauzwa bei ya chini.

Kwa mkulima bei ya chini dukani maana yake ni bei ya chini ya zabibu. Na aliyesubiri miezi 18 anabeba lebo ileile na aliyesubiri 9. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo hoja yao yenye nguvu zaidi, kuliko hata ile ya ukoo.

Kwa hiyo wakajiandikia kanuni zao wakizitaja kwa bonde la mto wao, Conca del Riu Anoia: zabibu za kienyeji, za bonde hilo tu, kwenye udongo wenye visukuku vya viumbe wa baharini. Mbele ya sheria, mvinyo wao ukawa mvinyo wa povu wa kawaida usio na jina la eneo.

Wengine wakafuata

Mwaka 2019 kundi la wazalishaji wengine wa Penedès, wakiwemo Gramona na Recaredo, nao walitoka na kutumia jina lao, Corpinnat. Baadaye baraza la cava lenyewe lilibadili kanuni, likagawa maeneo na kuweka daraja la juu kwa mvinyo uliokaa angalau miezi 18.

Raventós i Blanc hawajarudi. Ukikutana na Blanc de Blancs yao, jina linalomaanisha mvinyo mweupe wa zabibu nyeupe, utakuta mwaka wa mavuno na jina la bonde. Neno cava usilitafute, halipo.