Sifa za Shujaa Hujulikana Katika Mgogoro: Mfano wa Fumo Liyongo

Wanafunzi wengi wakiulizwa Fumo Liyongo ni mtu wa namna gani, hujibu kwamba ana nguvu. Jibu hilo halitoshi. Katika tendi, sifa za shujaa hujitokeza hasa anapokabiliwa na mgogoro. Tutazame Utendi wa Fumo Liyongo, uliotungwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913.

Kwanza, katika kikoa cha makoma. Wenzake wamepanga kumpiga mishale akiwa juu ya mti. Liyongo hapandi wala hagombani. Anayaangua makoma kwa mishale yake. Hiyo ni tahadhari.

Pili, gerezani. Kabla ya kuuawa anaomba ngoma ya gungu, na kelele zake zinafunika sauti ya tupa iliyofichwa ndani ya mkate wa wishwa. Hapo tunaona werevu na subira.

Tatu, mbele ya mwanawe, anayetaka kujua kitu kinachoweza kumuua. Liyongo anashuku kwamba kijana amehadaiwa, lakini anamtajia sindano ya shaba kitovuni. Je, ni udhaifu au ni mapenzi ya mzazi? Hapa mwalimu aligawe darasa, kila upande utoe ushahidi wa beti.

Wanafunzi wetu wa Ngagara wanayafahamu amazina ya Kirundi, ambamo mpiganaji hujisifu mwenyewe. Katika utendi huu, msomaji ndiye anayempima shujaa. Kwa hiyo, uhakiki uanze na swali hili: alipobanwa, alifanya nini?