Bustani Yetu, Ndoa Yetu na Ile Chupa ya Soda

Naanza kwa kukiri ili mnihukumu mapema. Mimi ambaye kila mwezi naketi kuhariri ushauri wa wataalamu kuhusu mawasiliano ndani ya ndoa, tena nina digrii ya hayo hayo mawasiliano, niliwahi kumnunia mume wangu siku tatu nzima kwa sababu ya wadudu wa sukuma wiki. Siku tatu! Salamu ya asubuhi, salamu ya jioni, basi.

Ilikuwa mwaka wetu wa kwanza Tanga. Mzee (namwita hivyo ingawa kanizidi miaka minne tu) alipata uhamisho wa kikazi, mimi nikamwomba bosi wangu niwe nahariri nikiwa huku, tukafunga virago kutoka Dar. Mji wenyewe mnaujua jina lake la utani, waja leo waondoka leo. Sisi tulikuja tukanasa. Tulipata nyumba ya kupanga Chumbageni, yenye uwanja nyuma, mwembe mmoja mkubwa na kisima ambacho maji yake yana chumvi kwa mbali. Mtoto wetu ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kukimbia, na kila alichokiokota kilikwenda mdomoni.

Wazo la bustani lilikuwa langu. Nilichoka kununua mchicha nisiojua umemwagiliwa maji gani na umepigwa dawa lini. Tukalima matuta matatu: mchicha, sukuma wiki, na la tatu nyanya na bamia. Mwezi wa kwanza ulikuwa fungate. Mchicha unakuwa tayari wiki ya tatu au ya nne tu, kwa hiyo tulianza kula jasho letu mapema, tukapiga na picha za kuwaringishia mashosti wa Dar.

Halafu wakaja vidukari.

Kama hujawahi kuwaona, geuza jani la sukuma wiki. Ni vidudu vidogo mfano wa punje za ulezi, vya kijani, vya kijivu au vyeusi, vimejipanga kama abiria wa daladala saa kumi na mbili jioni. Wananyonya maji ya jani mpaka linajikunja, na wanaacha utomvu mtamu unaonata ambao sisimizi wanaufuata. Sisimizi wenyewe wanawalinda kama mfugaji na ng'ombe wake. Na sikiliza hii, maana ni safu ya mahusiano: vidukari majike huzaa bila dume. Mmoja anazaa mabinti walio hai, na mabinti wanaanza kuzaa baada ya siku chache tu. Ndiyo maana Jumatatu unaona watano, Jumatatu ya pili jani halionekani.

Mzee akasema, "Tulia mke wangu, hili niachie mimi." Jioni akarudi na dawa. Alikuwa amempata mtu anayepima dawa kwa rejareja, akamiminiwa nusu lita kwenye chupa ya soda. Rangi yake nyeupe kama maziwa. Akapiga, na kusema kweli siku ya pili majani yalikuwa safi. Nikamsifia. Kilichobaki akakiweka chini ya sinki.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nasafisha samaki. Nyumba ikawa kimya, na mwenye mtoto mdogo anajua kwamba kimya ni habari mbaya. Nilimkuta ameketi chini ya sinki, chupa ameikumbatia kwa mikono miwili, anatafuna kizibo.

Kizibo kilikuwa kimekaza. Hilo tu ndilo lililotuokoa. Lakini mkononi alikuwa na unyevu na mdomoni palikuwa na harufu, sikujua kama ni ya chupa tu au ameonja. Nilimvua nguo, nikamwosha kwa maji na sabuni, Mzee akapiga simu ya bajaji huku anatetemeka. Hospitali daktari aliuliza swali moja lililotukata maini: "Ni dawa gani?"

Hatukujua. Chupa ilikuwa na jina la soda.

Walimweka chini ya uangalizi hadi jioni. Walimtazama mboni za macho, mate, kupumua. Nilielezwa baadaye kwamba baadhi ya dawa hizi za wadudu zinashambulia mishipa ya fahamu, na dalili zake ni mboni kusinyaa, mate kumiminika, jasho, kutapika na kifua kubana. Nikaambiwa pia kitu ambacho naomba kila mzazi akikate na kukibandika jikoni: usimtapishe mtoto, usimlazimishe kunywa maziwa wala mafuta, mwoshe ngozi, mkimbize hospitali na uende na chupa yenye lebo. Jioni turudi nyumbani, mtoto mzima, anaimba. Sisi hatukuongea.

Bibi wa upande wa pili

Jirani yetu ni bibi wa Kidigo anayeishi na wajukuu wake, na bustani yake iko nyuma ya ukuta wetu. Nadhani kimya chetu kilimfikia. Siku ya tatu aliniita.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mume kakosa nini?"

Nikamweleza. Akacheka kidogo, si kwa dharau. "Kakosa dawa, hakukosa mapenzi. Mwite aje anitwangie mwarobaini."

Basi Mzee, na miwani yake ya ofisini, akashika mchi. Ndiyo siku tulipopatana, ingawa rasmi hakuna aliyeomba msamaha mpaka usiku.

Mwarobaini mnaujua, Tanga hii umejaa kila mtaa. Asili yake India na nchi za jirani zake, na jina la Kiswahili limetokana na imani kwamba unatibu maradhi arobaini. Kemikali yake inayofanya kazi shambani inaitwa azadiraktini, na haifanyi kama sumu ya dukani. Mdudu haanguki chali papo hapo. Anapoteza hamu ya kula, na yule mchanga anashindwa kujivua gamba ili akue. Kwa hiyo ukipiga leo usitegemee miujiza kesho, subiri siku tatu nne. Wengi wanakata tamaa hapa na kurudi kwa muuza chupa.

Sisi tunatwanga kilo moja ya majani mabichi, tunaloweka kwenye lita 5 za maji usiku kucha, tunachuja kwa kitambaa cha khanga kuukuu, tunaongeza sabuni ya kipande kidogo iliyoyeyushwa ili dawa ishike kwenye jani. Mbegu zina nguvu zaidi. Matunda ya njano yaliyoanguka yakamue nyama, anika mbegu kivulini, zitwange, gramu 50 kwa lita moja ya maji, loweka usiku mmoja. Piga jioni, tena chini ya majani, ambako wadudu wanakaa. Jua linaiharibu azadiraktini haraka, ndiyo maana ukipiga saa sita mchana unajichosha bure, na ndiyo maana inabidi urudie kila wiki. Usitengeneze ya mwezi mzima, inachacha.

Kuhusu sabuni nina kisa. Nilijifanya mjuaji, nikatumia sabuni ya unga tena kwa kipimo cha kufulia mashuka. Tuta zima la sukuma wiki likaungua kingo kama limepigwa pasi. Siku hizi najaribu kwanza kwenye jani moja, nasubiri siku moja, ndipo naendelea.

Ya asili nayo ina makali

Hapa nitakuwa mkali kidogo, maana nimechoka kusikia watu wakisema "ni ya asili, haina madhara". Mafuta ya mbegu za mwarobaini yamewahi kuwadhuru vibaya watoto wachanga walionyweshwa. Tumbaku ni sumu kali, maji yake yanapenya hata kwenye ngozi, na inaweza kuleta ugonjwa wa virusi kwenye nyanya zako, kwa hiyo mimi siitumii kabisa. Utupa je? Wavuvi wa pwani wanaujua mmea huo kwa sababu unaua samaki. Ukitwanga majani yake kuulia wadudu, usiende kuosha ndoo kwenye mtaro unaoteremka baharini. Hata pilipili kichaa, niliyoipiga siku moja upepo wa kusi ukanigeukia, ilinilaza macho yamevimba siku nzima.

Kwetu sasa dawa zote, ya mwarobaini ikiwemo, zina lebo iliyoandikwa kwa maka peni na ziko juu ya kabati lenye kufuli. Chupa ya kinywaji haitumiki kwa kitu kingine chochote. Na ukilazimika kununua ya dukani, nunua iliyofungwa na kiwanda, iliyosajiliwa. Kazi ya usajili sasa iko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Soma siku za kusubiri kati ya kupiga na kuvuna. Mchicha unaochuma kila baada ya siku mbili hauna nafasi ya kusubiri siku saba, na chupa ya soda haikwambii chochote.

Nyanya na jambazi wa kimataifa

Nyanya ndizo zilizotutoa jasho. Kuna nondo mdogo wa kijivu anayeitwa kantangaze. Asili yake Amerika ya Kusini, akaingia Hispania mwaka 2006, na mwaka 2014 akaripotiwa kwetu Tanzania. Kiwavi wake anaingia katikati ya jani, kati ya ngozi ya juu na ya chini, anakula huko ndani akiacha madoa meupe kama karatasi, halafu anahamia kwenye tunda. Kwa kuwa kajificha ndani, dawa nyingi hazimfikii, na nyingine ameshazizoea. Mwarobaini unasaidia, haumalizi. Kilichotusaidia ni ubishi: kila asubuhi tunachuma majani yenye madoa na kuyafungia kwenye ndoo yenye mfuniko tunayoiacha juani, na usiku tunaweka taa juu ya beseni la maji ya sabuni, nondo wanaanguka wenyewe. Mwaka wa kwanza tulivuna nyanya kumi na moja. Nilizihesabu. Tulizifunga kwenye miti kwa kamba za katani, maana tuko Tanga bwana, mji ulioishi kwa mkonge tangu Mjerumani Richard Hindorf alipouleta mwaka 1893.

Mwembe nao ulikuwa na majimoto, wale siafu wekundu wanaoshona majani kuwa viota. Mzee alitaka kuwachoma moto. Bibi akakataa katakata: "Hao walinzi, mwanangu. Wacha waume." Nilipofuatilia nikakuta wanasayansi wako upande wake. Miaka ya 1950 mtafiti Mwingereza M. J. Way alichunguza Zanzibar jinsi majimoto wanavyolinda minazi dhidi ya mdudu anayefyonza nazi changa, na mdudu huyo akaja kupewa jina la kisayansi linalomkumbuka, Pseudotheraptus wayi. Tukawaacha. Wanauma kweli, kwa hiyo kamba ya nguo tuliihamisha.

Dakika ishirini

Dawa ni sehemu ndogo ya kazi hii. Kubwa ni kuonana na mboga zako kila siku. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya simu za ofisi, tunatoka wote wawili. Mmoja anageuza majani, mwingine anamwagilia chini kwenye shina, si juu ya majani, maana jani linalolala na maji katika joto letu hili linaota ukungu. Vidukari wachache tunawaponda kwa vidole. Nikimkuta yule mdudu mdogo wa mgongo mwekundu wenye madoa meusi namsalimia, kwa sababu yeye na watoto wake wanakula vidukari kuliko mimi ninavyoweza kuponda.

Udongo wa pwani ni mchanga, maji yanapita kama kwenye chujio. Tunachanganya samadi iliyooza vizuri na kufunika matuta kwa nyasi kavu na makuti yaliyochakaa. Maji ya kisima chetu tunayachanganya na ya bomba, la sivyo kingo za majani zinaungua kwa chumvi. Majira nayo yana wageni wake. Kaskazi ikivuma na jua likiwaka, utitiri mwekundu unafuma utando chini ya majani ya nyanya, na tunaupunguza kwa kuyarushia maji kwa nguvu chini ya jani asubuhi. Masika inaleta konokono, wale wakubwa ambao asili yao ni pwani yetu hii ya Afrika Mashariki. Hao tunawaokota usiku kwa tochi, na mtoto ndiye mhesabuji mkuu.

Kama huna muda wa yote haya, panda matembele na mchunga. Hayadai mengi, na mchunga wa nazi na samaki wa kuchoma ukiukosa Tanga umejikosesha mwenyewe.

Sitaki kuwadanganya kwamba bustani imetuponya kila kitu. Bado tunagombana, juzi tu ni kuhusu nani ameacha bomba wazi. Ila zile dakika ishirini hakuna anayeshika simu, na mambo ambayo zamani tulikuwa tunayalimbikiza mpaka Ijumaa usiku sasa tunayasema tukiwa tumeinama, kila mmoja anaangalia jani lake. Ilikuwa pale kwenye tuta la bamia, miezi kadhaa baada ya ile Jumamosi, Mzee aliponiambia bila kuniangalia kwamba bado anaota kile kizibo. Mimi nilikuwa nadhani ni mimi peke yangu.

Nikampa ndoo ya kantangaze aipeleke juani, tukaingia ndani kunywa chai.