Uvimbe Shingoni? Uliza Sentimita!

Una uvimbe shingoni au shavuni, hauumi lakini unakua? Mara nyingi si saratani, ila usikae nao kimya. Sarkoma ni saratani inayoanzia kwenye misuli, mafuta au mishipa. Zamani, madaktari walipokadiria hatari yake, mpaka ulikuwa sentimita 5 popote mwilini. Lakini jamani, shingo si paja! Pale koo, njia ya hewa na mishipa mikubwa ya damu vimebanana. Ndiyo maana mwongozo wa Marekani ulioanza kutumika 2018 unapima kichwa na shingo kivyake: hadi sentimita 2, hadi 4, kisha zaidi ya 4. Uliopenya mifupa ya uso au ubongo huwekwa kundi la mwisho. Kinyama nacho hupimwa maabara na kupewa daraja. La 3 ndilo linalosambaa upesi, hasa mapafuni. Usikubali kukatwa ovyo kabla ya vipimo hivyo.