Je, Wajua? Waipa Ikisuasua, Mota Huenda Haina Kosa

Katika Land Rover 110 za miaka ya 1980, mota ya waipa haizungushi mikono yake moja kwa moja. Husukuma na kuvuta waya wenye meno ndani ya bomba jembamba. Kwenye vumbi kama la barabara ya Mugumu hadi Tarime, grisi ya zamani hukauka, waya ukawa mzito, na lawama ikaiangukia mota. Utasema mota ya umri huo lazima imechoka. Huenda, ndiyo sababu naona ni kosa kununua nyingine kabla ya kuitenganisha na waya na kuiwasha peke yake. Ikizunguka kwa kasi, safisha bomba, paka grisi mpya. Ikisuasua hata ikiwa peke yake, kagua kwanza kutu pale waya wa hasi unapofungwa kwenye bodi, kisha brashi za mota.