"Usiwaze Sana" Si Tiba

"Nifanyeje nisiwaze?" Wanasaikolojia huulizwa swali hili kliniki, redioni, hata kwenye harusi wanakokwenda kula pilau yao kwa amani. Mwulizaji huwa amekesha. Saa nane za usiku bado anayarudia maneno aliyomwambia bosi wake, anapiga hesabu ya ada ambayo shule haijaidai, anakipapasa kifua ambacho daktari amekwisha kumwambia ni kizima. Anataka kufundishwa namna ya kuyafukuza mawazo. Tatizo ni kwamba namna hiyo haipo, na kuitafuta ni sehemu ya ugonjwa.

Lakini nani atamwambia? Shangazi anasema "acha mawazo", mchungaji anasema "mwachie Mungu", rafiki anasema "jishughulishe". Wahamasishaji wa mitandaoni ndio waliotia fora: vaa mpira mkononi, kila wazo baya likiingia uuvute ujichape. Mbinu hiyo ya kujichapa iliwahi kutumiwa na wataalamu wenyewe, miongo mingi iliyopita, na wengi wao wameshaitupa.

Kwa nini waliitupa? Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake, huko Texas, Marekani, walimweka mwanafunzi mmoja mmoja chumbani na kumtaka ataje kwa dakika 5 kila kinachomjia kichwani, ila asimuwaze dubu mweupe. Akimuwaza, apige kengele. Kengele zililia. Kisha wanafunzi haohao wakaruhusiwa kumuwaza dubu watakavyo, nao wakamuwaza kuliko wale walioruhusiwa tangu mwanzo. Katazo lilikuwa limelizidishia wazo nguvu.

Maelezo ya Wegner hayahitaji shahada. Mlinzi wa getini aliyeagizwa kumzuia mtu fulani lazima atembee na picha yake mfukoni. Akili iliyoagizwa kulizuia wazo nayo lazima ilishike wazo lenyewe ili ijue kama limeingia. Ubaya zaidi, kuzuia kunataka nguvu ilhali kukagua hakuchoshi. Mtu akishachoka, kizuizi hulegea na ukaguzi huendelea. Kwa hiyo yule anayeshindana na kichwa chake usiku wa manane amechagua saa ambayo ni hakika atashindwa.

Wengine hutishwa na sura ya wazo lenyewe. Mama amembeba mtoto roshani, ghafla linamjia wazo la kumwachia aanguke, naye anaamini ana pepo au ni muuaji. Mwaka 1978, watafiti Rachman na de Silva walilinganisha mawazo ya namna hiyo ya wagonjwa na ya watu wazima wa afya. Walio wengi miongoni mwa wenye afya walikuwa nayo pia, na hata wataalamu walipata taabu kuyatofautisha. Tofauti kubwa ilikuwa kwamba ya wagonjwa yalirudi mara nyingi zaidi, yaliwakera zaidi, na yaliwawia magumu kuyaondoa.

Wapo pia wanaojitetea kwamba hawana wasiwasi, wanatafuta ufumbuzi. Mwanasaikolojia Susan Nolen-Hoeksema alikuwa amewapima wanafunzi wa Stanford siku chache kabla ya tetemeko la Oktoba 1989 kuitikisa California. Alipowarudia, waliokuwa na mazoea ya kutafuna huzuni yao kichwani ndio waliokuwa na dalili nyingi zaidi za sonona, hata wiki 7 baadaye. Kutafuna tu hakukuwapa ufumbuzi.

Na Piritoni, ambayo wengine huimeza ili walale? Hapana! Ni dawa ya mzio. Usingizi wake ni athari ya pembeni ambayo mwili huizoea upesi, na ada ya shule huikuti imelipwa asubuhi.

Yanayofaa, basi. Wazo likija, liache lipite bila kulijibu wala kulipiga vita. Tenga nusu saa ya mchana iwe ya wasiwasi, mahali palepale, saa ileile. Linalokuja nje ya hapo liandike, lingoje zamu yake. Mwanasaikolojia Thomas Borkovec aliijaribu njia hii tangu miaka ya 1980 na imesaidia. Kabla ya kulala, andika orodha ya mambo ya kesho: katika jaribio la Marekani la 2018, walioandika walisinzia mapema kwa takriban dakika 9 kuliko walioorodhesha yaliyokwisha. Acha kuuliza watu kumi kama kifua ni kizima. Kahawa ya jioni, punguza; kutembea, ongeza. Tatizo likiwa la kweli, chagua moja na hatua moja: ndivyo wanavyofanya bibi waliofunzwa na Dkt. Dixon Chibanda jijini Harare tangu 2006, wakiketi na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Utafiti wao wa watu 573, uliotoka 2016, ulionyesha nafuu kubwa baada ya miezi 6.

Wasiwasi ukikwamisha kazi, usingizi au chakula kwa wiki kadhaa, nenda hospitali ya rufaa uulizie kitengo cha afya ya akili. Tiba ya mazungumzo ipo, na dawa pia. Mwenye wazo la kujiua aende leo, asiende peke yake. Na aliyezoea kumeza dawa za kutuliza za diazepamu za dukani asizikate ghafla, kwani kuzikata hivyo huweza kuleta degedege. Daktari humpunguzia kidogo kidogo.